Mkalimani wa Kichwa Changu

Bora niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana huko Garissa bado wapo wanaosimulia na kila mwaka wanaongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyekwenda hospitali kichwa kinanipasuka, ikathibitishwa mbele ya watu kwamba sijaumwa tangu nizaliwe, na aliyetafsiri ushahidi huo kwa Kiswahili fasaha, bila kuacha neno, ni mimi huyu huyu. Chekeni kwanza. Mkimaliza niendelee.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, serikali na wapiganaji wa kaskazini. Wenye umri wanaikumbuka: barabara za kwenda juu hazipitiki bila kusindikizwa na wanajeshi, kipande cha kitambulisho mfukoni hata ukienda mtoni kuteka maji, na jua likizama kila mtu ndani, amri ya serikali. Watu waliteswa na amri ile, sifanyi mzaha, wafugaji walizuiwa kufika kwenye malisho yao wenyewe na arusi zilifanywa mchana kwa haraka kama mazishi, lakini lazima niseme kweli, mimi niliipokea kama mgeni wa heshima. Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu utotoni wenzangu wakiondoka na ngamia mimi nilibaki na hooyo (ndivyo tunavyomwita mama) nikichochea moto, na hata shule nilipelekwa si kwa sababu ya akili, ila marehemu baba aliniangalia siku moja nikikimbizwa na ndama akasema huyu apewe kalamu tu. Nikasoma mpaka sekondari, huko chini kwa watu wa mahindi, nikarudi nikapewa darasa la pili nifundishe. Saa za kutotoka nje zilipotangazwa mtaani kwa kipaza sauti, mimi nilikuwa nimekwisha kuingia ndani, nimevua viatu.

Sasa kichwa. Kilikuwa na utaratibu wake. Kwanza huja taa, pembeni mwa jicho la kushoto, kitu kama meno ya msumeno kinachometameta, kinakua polepole mpaka nusu ya darasa langu haipo (nimewahi kumkaripia mtoto kwa utoro naye amekaa mbele yangu, upande ule usioonekana, akiitikia). Taa zikiondoka, upande mmoja wa kichwa unaanza kugongwa kama mtu anayepigilia kigingi, halafu natapika, halafu nafunga dirisha, najifunika shuka lililoloweshwa maji, na mtu akikaanga vitunguu nyumba ya tatu namchukia yeye na kizazi chake. Kesho yake naamka mzima, nimelegea kama nguo iliyokamuliwa. Hooyo alinitibu kwa alivyojua. Bibi alikwisha kunichoma na kijiti cha moto kwenye kipaji cha uso nilipokuwa mdogo, alama mbili zipo, moja kila upande, kama nimepigwa mhuri, hazikusaidia ila zilinifanya niogope kusema tena kwamba kichwa kinauma. Hooyo yeye alikuwa mpole, dawa yake ilikuwa buni zilizokaangwa ndani ya samli: buni unatafuna, samli unapakwa kichwani. Nilitafuna, nikapakwa, nikaumwa nikinukia vizuri.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi uzeeni, nikilala gizani kwa amani yangu, kama isingekuwa posa. Nilikuwa nimemposa Dahabo, binti wa Haji Ogle, mchuuzi wa mifugo aliyetoka Hadado akahamia Garissa barabara zilipofungwa. Mahari yalikubaliwa, lakini ngamia wenyewe walikuwa Eldas, na njia ya Eldas ilikuwa ya wanajeshi, ngamia hana kipande, kwa hiyo uchumba wangu wote ulisimama juu ya kitu kimoja tu: mdomo wa adeer Gedi. Adeer ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, na ndiye aliyekwenda kuniposea. Huyo mzee akisimama kusema, hata mwenye kushtaki anaona haya kwa nini ameshtaki. Naye alikuwa amewaambia wazee wa upande wa pili kwamba kijana wetu hana kasoro ya jino wala ukucha, na kwamba ukoo wetu haujui hata mafua.

Basi mtaani kukaanza maneno kwamba Mwalimu Bishar ana jini. Ushahidi ulikuwa mwingi: hufunga dirisha mchana, hujifunika gubigubi, chakula kikinukia hukasirika, na huona taa ambazo wenzake hawazioni. (Nilipoupanga ushahidi huo mwenyewe, nami nilikaribia kuamini.) Haji Ogle hakuvunja posa, alikuwa mtu wa adabu, alituma tu neno kwa hooyo: arusi isubiri kwanza, mpaka ijulikane kile chumba cha giza kina nini. Hooyo alilia kimya kimya siku mbili. Mimi nilikuwa nimemwona Dahabo mara chache, kwa mbali, lakini siku moja tulikutana kwenye duka la sukari akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, wanasema wewe hutoki ndani. Mimi pia sipendi jua," akaenda zake, na tangu hapo sikutaka mke mwingine. Kwa hiyo nilihitaji mtu mmoja mwenye cheo aseme kwa mdomo wake kwamba haya ni maradhi kama malaria, si jini. Nilihitaji daktari.

Hospitali yetu ilikuwa na dresa, yaani msaidizi wa tabibu, Musyoka, kijana wa Ukambani, mchangamfu, na kwake nilikuwa nimeshakwenda mara moja. Aliniuliza, "Habari, Mwalimu?" Nikajibu, "Nzuri." Nyinyi wa mbali hamtaelewa. Kwetu ukiulizwa hali jibu ni moja, nabad, amani, hata kama nyumba yako inaungua nyuma yako. Unasema amani, kisha mnazungumza mvua, kisha malisho, kisha mifugo, na mwishoni, mkiwa mmeshazoeana, ndipo unataja moto. Basi mimi na Musyoka tulizungumza mvua ya Elwak vizuri sana, akanishukuru kwa kumtembelea, nikarudi nyumbani na kichwa changu.

Nilipokwenda mara ya pili niliyasema nikiwa bado mlangoni, kabla hajanisalimu. Akanisikiliza, akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya daktari. Anakuja na msafara wa wanajeshi, anaona watu asubuhi moja, adhuhuri msafara ukiondoka na yeye anaondoka. Hana muda wa mvua. Wewe jitayarishe: kinaanzaje, upande gani, kinakaa muda gani, nini hukiamsha, umejaribu nini. Umwage yote kwa pumzi moja."

Nikajitayarisha. Kwa mara ya kwanza elimu yangu ilipata kazi. Nilitunga hotuba fupi yenye mwanzo, kati na mwisho, nikaikariri uani mbele ya mbuzi wa hooyo, nikaondoa maneno ya kujihurumia, nikaweka taa mbele, maumivu katikati, matapishi mwisho kwa heshima ya msikilizaji. Mbuzi alisikiliza mpaka mwisho. Kilichonitia wasiwasi ni kimoja: daktari akianza na "habari" je? Nilijijua. Ningesema nzuri.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa. Nilikwenda kwa adeer Gedi nikamwomba anisindikize. "Adeer, nikijibu nzuri, unipige kiwiko."

"Kiwiko tu?" akasema. "Bishar, mtu hajisemei. Umeona ng'ombe mnadani akijisemea? Nitasema mimi."

"Lakini utasema kweli, adeer? Yote?"

"Kwani siku ile nilipokuposea nilidanganya?"

Nikanyamaza, kwa adabu. Akataka aisikie hotuba. Nilipomaliza akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Umeanza na kichwa. Nani anaanza na kichwa? Sijakufundisha kitu."

Asubuhi ya siku yenyewe hooyo hakukubali nitoke mkavu. Alinikaangia buni, akanisimamia nikazimeza haraka haraka, nyingine nzima nzima, kisha akanipaka samli kuanzia utosini mpaka nyuma ya masikio, ya kutosha kichwa na jamaa zake, akisema mtu haendi mbele ya mtu mkubwa kama ardhi ya kiangazi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitazama kipande changu, akanusa, akauliza arusi iko wapi. Adeer akamwambia, "Inakuja, inshallah." Nzi wawili walitupokea hapo, wakatusindikiza mpaka hospitali, na njiani waliwaita wenzao.

Kwenye baraza ya hospitali watu walikuwa wengi, na mwisho wa benchi, peke yake, amegeukia ukuta, amevaa viatu vipya vya ngozi, alikuwa amekaa Haji Ogle.

Tulipomwona alishtuka. Sisi tulishtuka zaidi. Lakini watu wa heshima hawashtuki, wanasalimiana, na salamu ile ilikuwa ndefu: amani kwako, amani kwenu, nyumba, amani, mifugo, amani, njia, amani. Ilipokwisha adeer akauliza polepole, "Haji, mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa," akasema Haji Ogle. "Nimekuja kukaa kivulini. Na nyinyi?"

"Sisi pia," akasema adeer. "Kivuli cha hapa kinasifiwa."

Tukakaa, wanaume watatu wazima, kwenye mstari wa daktari, tukifaidi kivuli. Nikamnong'oneza adeer turudi nyumbani. "Tukirudi atajua," akanong'ona naye. "Huyu amekuja kutuchunguza. Mtu aache vivuli vya Garissa nzima aje apumzike hapa, leo, siku ya daktari? Tulia. Msemaji ni mimi." Nikamgeukia Haji Ogle ili nitabasamu kama mtu mzima wa afya, na ndipo nilipoona sikio lake la upande wangu wa kushoto halipo. Nikapepesa macho. Bega likafuata. Ule msumeno umeanza, mkwe wangu analiwa polepole na taa, nami natabasamu.

"Mwalimu Bishar!" Musyoka akaita kutoka mlangoni, kwa sauti ya kuuza karanga. "Yule wa kichwa!"

"Kila mtu ana kichwa," akajibu adeer, akanishika mkono tukaingia. Haji Ogle akasimama, akasema naye anaingia kumsalimu daktari, maana si adabu kukaa kwenye kivuli cha mtu bila kumsalimu. Nyuma yake baraza nzima ikasogea mlangoni. Kwetu shauri halisikilizwi kwa siri.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mikono ya shati imekunjwa, macho mekundu. Usiku walikuwa wamemletea dereva wa lori aliyepigwa risasi barabara ya Wajir, na hakuwa amelala. Hakuniuliza habari. Alisema, "Haya, tatizo nini?" Lilikuwa ndilo swali nililomwombea Mungu. Nikafungua mdomo, hotuba iko tayari kwenye ulimi, na adeer Gedi akainua fimbo yake, ishara kwamba mwenye zamu ni yeye, akaanza kusema Kisomali.

"Anasema nini?" daktari akauliza. Musyoka akainua mabega, Kisomali chake kilikuwa cha kuuliza unaumwa wapi tu. Daktari akanitazama. "Wewe ni mwalimu? Basi tafsiri."

Sasa nielezeni mngefanyaje. Adeer hajui Kiswahili cha kutosha, ningeweza kumpindisha. Lakini nyuma yangu amesimama Haji Ogle, miaka yote kauza ng'ombe kwa Kiswahili mpaka Thika, anasikia pande zote mbili. Nisingeweza kuongeza neno wala kupunguza.

"Anasema mvua ya Eldas imechelewa," nikatafsiri.

"Eldas," akasema daktari.

"Ndiyo, daktari. Ila Hadado imenyesha kidogo."

Haji Ogle akaitikia kwa kichwa, ni kweli.

"Anasema ukoo wetu ni wa watu wenye miili mizima. Anasema babu yetu alifariki na meno yake yote. Anasema..." Hapo samli ilikuwa imeanza kuyeyuka inaingia kwenye nyusi. "Anasema kijana huyu hajawahi kuumwa hata siku moja."

"Kijana gani?"

"Mimi."

"Wewe huumwi?"

"Anasema siumwi."

"Nakuuliza wewe."

Nilimtazama adeer, nusu yake, ile iliyokuwa bado ipo, na nusu hiyo ilikuwa imetazama mbele kama askari wa gwaride. Ningesema naumwa ningekuwa nimemvua nguo mzee wangu mbele ya watu tuliokwenda kuposa kwao, na posa yote imesimama juu ya mdomo huo. Ningesema siumwi ningekuwa nimemdanganya daktari pekee wa mkoa mzima. Nikatafuta njia ya katikati.

"Nzuri, daktari," nikasema. Na hakuwa ameniuliza.

Daktari akatazama saa yake. "Nje kuna watu. Msafara unaondoka adhuhuri. Mwulize mzee, mtu mzima kabisa anafanya nini kwenye mstari wangu?"

Nikamwuliza mzee. Adeer hajawahi kukosa jibu maishani mwake, na siku hiyo ilikuwa heri kama angekosa. Alishusha fimbo, akatazama juu, akasema sentensi mbili kwa utulivu mkubwa, nami ulimi wangu, kwa mazoea ya shule, ukatafsiri kabla akili haijafika.

"Anasema amesikia kuna dereva amepoteza damu. Anasema amenileta nitoe."

Daktari alisimama akamshika adeer mkono kwa mikono yake yote miwili. Kumbe tangu alfajiri alikuwa ametuma watu sokoni na kambini, wengi wanaogopa sindano, na hakuna aliyekuja. Musyoka alinitoboa kidole, akachanganya matone kwenye kioo, akatazama, akasema kwa furaha ambayo sijamsamehe, "Inakubali!"

Hapo Haji Ogle akasogea mbele. "Kama mkwe wangu anatoa," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "mimi siwezi kusimama nikitazama."

Mkwe wangu! Uso wa adeer ulimeremeta kuliko kichwa changu. Daktari akamgeukia adeer pia, naye adeer akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mlangoni. "Mwambie damu yangu ni ya zamani," akaniagiza. "Haiendeshi lori." Nikatafsiri.

Damu ya Haji nayo ikapimwa ikakubali, tukalazwa kwenye vitanda viwili vilivyokaribiana, mimi na Haji Ogle, chini ya dirisha lisilo na pazia, na nje kuna bati jipya linalorudisha jua lote la Garissa usoni pangu. Mkono mmoja una sindano, wa pili nimeuweka juu ya jicho. Taa zilikuwa zimemaliza kazi yao, kigingi kilikuwa kimeanza. Harufu ya spiriti, harufu ya samli, harufu ya buni inayopanda kutoka ndani. Niliomba Mungu anijalie nimalize kama mwanamume. Chupa ikajaa, Musyoka akachomoa sindano, akasema, "Hongera, Mwalimu, keti polepole." Wakati huo huo Haji Ogle, ambaye ndiye alikuwa anasubiri zamu, alishusha miguu ili aone nimefanyaje.

Sitaeleza sana. Zilikuwa buni za hooyo, na zile nilizomeza nzima zilirudi nzima, na viatu vipya vya Haji Ogle vilizipokea zote.

Mlangoni watu walikuwa wamepandana mabega. Kisha nikasikia sauti ya adeer Gedi, haijatikisika hata kidogo, ikisema neno moja la Kisomali.

"Anasema ni furaha," nikatafsiri, uso sasa ndani ya beseni aliloleta Musyoka.

Daktari akachuchumaa karibu nami. Alikuwa ameona ule mkono juu ya jicho. "Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "kabla ya hii, uliona taa?"

Jamani, swali hilo. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wote waliniuliza habari. Nikiwa kwenye beseni, mikono imeshika kingo, macho yamefumbwa, niliitoa hotuba yangu, yote, kwa mpangilio wake: taa kwanza, upande wa kushoto, kama meno ya msumeno, kisha kugongwa, kisha haya mnayoyaona, kisha giza mpaka kesho yake, jua hukiamsha na njaa hukiamsha na makaratasi ya kusahihisha hukiamsha, nimechomwa moto mara mbili na kupakwa samli mara zisizo na idadi. "Bishar!" adeer akafoka. "Nyamaza!" Sikunyamaza. Kizuri cha aibu ikifika kooni ni kwamba haina mahali pengine pa kupanda. Nilimaliza kwa maneno ambayo hayakuwemo kwenye hotuba: "Na watu wanasema ni jini, daktari, na nisipojua ni nini nitakosa mke."

"Si jini," akasema daktari, kama mtu anayesema si Jumanne. "Ni kipandauso. Ni maradhi ya kichwa, wanayo watu wengi, hata mama yangu anayo. Kula kwa wakati, kunywa maji, jikinge na jua, na taa zikianza tu, usingoje, meza vidonge hivi ulale gizani. Chumba cha giza ndicho dawa. Na siku nyingine ukija kutoa damu, njoo kichwa kimelala."

Nilitaka kulia, ila kulia huongeza maumivu. Ndipo Haji Ogle, aliyekuwa bado hajatazama viatu vyake, akakohoa.

"Daktari. Na kama taa hazifanani na msumeno? Kama ni kama maji yanayotetemeka barabarani?"

"Ni hiyo hiyo."

"Na kama kinashika kulia?"

"Ni hiyo hiyo, Haji."

"Na kama mtu huyo hachukii vitunguu, anachukia manukato? Kiasi kwamba nyumba nzima haiwezi kufukiza ubani?"

Mimi, kutoka kwenye beseni, nilidhani ananihoji, anatafuta tofauti ili avunje posa. Nilimjibu kwa unyonge, "Haji, mimi ubani sina shida nao."

Daktari alimtazama. "Haji, hiki kichwa ni chako?"

Haji Ogle alitazama dirisha, akatazama dari, akatazama watu mlangoni, mwisho akatazama viatu. "Ni cha mtu wa nyumbani kwangu," akasema polepole. Daktari hakuuliza zaidi, alitoa kopo la pili la vidonge akampa, naye akalitia kanzuni haraka kama mtoto aliyeiba tende. Kisha akajilaza kitandani, akanyoosha mkono akatoa damu, viatu vikiwa hivyo hivyo.

Mimi sikuelewa kitu. Nilibebwa nyumbani na adeer pamoja na Musyoka, nimefunikwa kitambaa usoni, na tulipopita kizuizini yule askari akauliza kama hii ndiyo arusi yenyewe. Lakini adeer Gedi alielewa, nilimsikia akicheka peke yake njia nzima. Alasiri hiyo hiyo akaenda kwa Haji Ogle kuomba radhi kwa ajili ya viatu, akakaa huko mpaka karibu na saa za kutotoka nje, na aliporudi arusi ilikuwa imepangiwa wiki hiyo, na ngamia wa mahari walikuwa wamepungua. "Umefanyaje, adeer?" nikamwuliza. "Sikufanya kitu," akasema. "Nilimwuliza tu kile kivuli cha hospitali alikuwa anakitafutia nani."

Tulioana mchana, kwa haraka, kama wote wa miaka ile. Hata mwezi haukuisha. Nilikuwa nimekaa kizingitini nasahihisha hesabu, Dahabo akatoka jikoni, akasimama, akanitazama kwa muda mrefu.

"Bishar, nusu yako haipo."

"Nusu ipi?"

"Ya kulia."

"Basi umebaki na ile nzuri," nikamwambia, nikainuka nikafunga dirisha, nikalowesha shuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakaa kwenye giza ambalo si langu. Akaniuliza kutoka chini ya shuka, "Walikuambia?" Nikasema hapana. "Nilitaka kukuambia siku ile ya sukari," akasema. "Nikakuambia sipendi jua. Nilidhani mtu aliyesoma sekondari ataelewa."

Yule dereva alipona, alhamdulillahi. Barabara zilipofunguka alikuwa akipita kila mara, anapiga honi mlangoni mwetu, ananiita ndugu yangu wa damu, na kila akija ananilalamikia kwamba tangu siku ile anaumwa kichwa upande wa kushoto. Namwambia haiwezekani, daktari hajasema hivyo. Ananiambia, "Mwalimu, chukua chako."

Basi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitamchukua tena mtu akanisemee maradhi yangu, awe adeer, awe hakimu, awe mbuzi. Siku hizi nikienda kwa daktari naingia peke yangu, sisalimii, nasema kichwa, kushoto, taa kwanza, kisha nikishamaliza ndipo nauliza habari ya watoto wake. Nimepata sifa ya ukosefu wa adabu wilaya nzima, lakini natibiwa. Hata mtaani mtu akiniuliza hali namweleza, yote, kwa mpangilio, na nimeona watu wamepunguza kuniuliza. Ni Haji Ogle peke yake ambaye hajawahi kulitaja jambo hili, si kwa kheri si kwa shari. Kila Idi huja kutuamkia akiwa amevaa vile viatu, vimeng'arishwa, na kabla hajakaa karibu nami humwita hooyo kando akamwuliza, kwa adabu yake ile ile, mkwe wake leo amekula nini.